Nafasi ya Kiganja

Mgeni yeyote aliyehamia mtaa ule, akaamka asubuhi moja baada ya mvua ndefu na kukuta magodoro, mito, masanduku, mazulia na picha za ukutani vimetandazwa nje ya nyumba ya Seremala, alikuwa na haki zote za kudhani kwamba familia ile imefukuzwa. Na wengi walidhani hivyo. Walikuja na nyuso za huruma, wakasimama pembeni, wakatanguliza pole kabla ya salamu. Mzee mmoja, Mungu ambariki, alifika na mkokoteni wake kusaidia kubeba. Mama wa nyumba, kitambaa kichwani na bakuli la siki mkononi, aliwajibu wote jibu moja ambalo halikubadilika mwaka hadi mwaka.

"Hatuhami sisi," alisema. "Anayehama ni ukungu."

Kisha alicheka yeye kwanza, kabla mwenzake hajaelewa, na mgeni alipokuja kuzinduka alikuwa ameshashikishwa upande mmoja wa godoro.

Mtaa ukambandika jina la Mama Jua, naye hakulikataa. Mvua zilipokoma alilitazama anga siku kadhaa kwa mashaka, kama mtu aliyewahi kudanganywa, na alipoliamini jua alitangaza siku ya kuanika. Siku hiyo hakuna mtoto aliyekwenda kucheza. Mkubwa, wa kiume, alibeba vizito. Mdogo, ambaye kwa kuwa kitinda mimba aliitwa Kitinda mpaka akasahau kuitikia jina lake la cheti, alipewa vyepesi: mito, viatu na kopo la makaa. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, mama alilitoboa matundu kwa msumari, akalijaza makaa na kuliweka chini kabatini linywe unyevu. Siku ya kuanika makaa ya zamani yaliishia jikoni na mapya yakaingia koponi. Kitinda alijiona mtu mkubwa sana kwa kukabidhiwa kazi ile, na mikono yake ikawa myeusi mpaka jioni.

Baba yao siku hiyo haonekani. Seremala alikuwa mtu wa heshima zake, shati limechomekwa, penseli nyuma ya sikio, na kitanda chake kuvuliwa nguo mbele ya wapita njia kulimtia haya kuliko angeweza kueleza. Kabla hata chai haijachemka alikuwa ameshaponyoka kwenda karakana. Mama Jua alimpungia mkono kutoka dirishani na kumwambia asisahau kurudi, maana nyumba bado ni yake hata kama ipo uani.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo wawili hawa hawakulicheka, nalo ni kabati.

Kabati lile Seremala alilitengeneza kabla ya ndoa yao, kwa mbao nzito, milango inayofunga bila kupumua na mgongo ulionyooka kama mstari wa daftari. Alitaka ligande ukutani. Kabati likiachana na ukuta, kwa macho ya fundi, ni kama kutangaza kwamba kimoja kati ya hivyo viwili kimepinda. Mama naye alitaka pabaki nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, na alikuwa akiipima kwa kupitisha mkono wake mwenyewe kule nyuma. "Mkono wangu ukipita, upepo utapita," alisema, basi. Hawakugombana, angalau si mbele ya watoto. Lakini kabati lilitembea miaka yote ya ndoa ile. Mama alipofagia alilivuta. Baba alipoingia kutafuta shati alilisukuma kwa bega. Sakafu ya saruji ilichimbika michirizi chini ya miguu yake, na Kitinda na kaka yake walijifunza kusoma hali ya hewa ya nyumba kwa kuangalia miguu ya kabati kabla ya kuomba chochote.

Mama Jua alifariki kiangazi, msimu aliokuwa akiupenda. Mvua zikaja, zikanyesha hadi zikachoka, na Kitinda, ambaye siku hizi alikuwa akishona sare za shule katika kiwanda cha mji mwingine, akaanza kusikia kikohozi kwenye simu. Baba alisema ni vumbi la mbao. Kitinda akamkumbusha kwamba karakana aliiacha tangu msiba. Baba akasema basi ni vumbi la zamani, linatoka polepole. Mtu akishaanza kujibu hivyo, huna haja ya kuuliza zaidi. Kitinda akaomba ruhusa kazini na kupanda basi.

Kilichompokea mlangoni, kabla ya baba, kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika, ila hii ilikuwa ya nyumba nzima. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Sebuleni palikuwa na kamba kutoka pembe hadi pembe, mashati ya baba yananing'inia juu ya viti, yamekauka nusu na hayana mpango wa kukauka nusu nyingine. Pembeni mwa dari, pale ambapo mfereji wa paa ulikuwa ukivuja tangu zamani na mama akiukaripia, ukungu mweusi ulikuwa umetambaa mpaka kwenye fremu ya saa. Ukuta wa jikoni, nyuma ya rafu ya masufuria, ulikuwa na madoa ya kijivu. Kitinda alisimama na mfuko wake mkononi, akamwazia mama yake akiingia na kuona vile, na moyo ukamwuma kana kwamba ni yeye aliyeiacha nyumba ichafuke.

Baba yake alitoka chumbani akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama anayemwacha mtoto amelala.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Akataka kuongeza neno, kikohozi kikamwahi. Aliyekonda alikuwa yeye. Shati lilikuwa bado limechomekwa, lakini shingo imepwaya ndani ya kola, na penseli haikuwapo sikioni. Aling'ang'ania kumbebea mfuko hadi chumba chake cha zamani, akakohoa njia nzima, na Kitinda akamwacha abebe kwa sababu kumnyang'anya kungemuumiza zaidi.

Kesho yake ndipo alipoliona dirisha la chumba cha wazazi wake, kwa nje, alipozunguka kutazama mfereji wa paa. Baba alikuwa ameliziba. Si kwa magunia wala makaratasi. Alipigilia vipande vyembamba vya mbao kuzunguka fremu yote, akavipiga randa na msasa, kisha akajaza nyufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Kazi safi kabisa, hata nzi angetafuta pa kupenya akakata tamaa. Chini ya mlango wa ndani alikuwa amegongomelea kitambaa kinene. Kitinda alipomwuliza, alijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akaendelea kunywa chai. Methali yenyewe haina kosa. Wenye nayo ndio wakati mwingine wanaziba ufa ambao nyumba ilikuwa inapumulia.

Siku zilizofuata zikawa mchezo. Kitinda alifungua madirisha ya sebuleni asubuhi, akaenda jikoni, akirudi yamefungwa. Akitoa mashati nje, chini ya upenu, anayakuta yamerudi kwenye kamba yake ndani. Alifunika sufuria ili mvuke usipande ukutani, akafungua dirisha la jikoni wakati wa kupika, akapangusa kuta kwa kitambaa cha siki kama alivyofunzwa, na nyuma yake akasikia kitasa cha dirisha la ukumbini kikirudi mahali pake. Siku moja, akiwa ameinama na bakuli, akatambua kwamba amerithi upande wa mama yake katika ugomvi ule ule wa kabati. Akacheka peke yake jikoni, kisha akajikuta analia ndani ya kicheko hicho hicho.

Alimpigia kaka yake. Kaka, ambaye ana roho nzuri na subira ndogo, alimshauri amwache mzee, kila mtu anaomboleza kivyake, na kama tatizo ni kuta basi yeye angegharamia rangi mpya. Kitinda akamwambia kwamba kupaka rangi juu ya ukungu ni kumfunika mgonjwa shuka jipya. Yale yalikuwa maneno ya mama. Kaka akasema pole, na kwamba kama kuna namna ya kumshawishi baba, basi anayeijua ni yeye aliyeko pale.

Kitinda hakuijua. Alichokijua ni hofu yake, nayo alijisemea bila kuizungusha: aliogopa kwamba baba angemfuata mama kwa kuvuta hewa ya chumba kile. Kikohozi kilikuwa kikizidi kila alipoingia kulala. Daktari wa zahanati alikwisha kumsikiliza kifua, akampa dawa, akauliza analala mahali gani, na baba akajibu kwamba analala nyumbani kwake.

Jioni moja mezani kikohozi kilimshika vibaya, kikombe kikamwagika. Kitinda alifuta meza, akapiga moyo konde, akasema kesho atatoa zile mbao za dirishani. Baba yake, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti tangu utoto, akaipandisha.

"Chumba kile usikiguse."

Halafu sauti ikamwisha. Aliyageuza maganda ya mkate kwenye sahani, akayapanga mstari, na alipozungumza tena alikuwa akiyaambia maganda.

"Harufu yake bado imo," alisema. "Kwenye kabati. Nikifungua itatoka. Ikishatoka, nitaipata wapi?"

Kitinda angesema nini, wakati yeye mwenyewe siku ya kwanza, alipoufikia ule mlango, alitamani apewe hata pumzi moja ya mama yake? Alikaa akimtazama baba yake na kwa mara ya kwanza akaelewa zile mbao zote, na gundi, na kitambaa cha mlangoni. Mzee hakuwa amezuia vumbi. Alikuwa amejenga sanduku. Akamwuliza kwa upole huwa anaifungua lini milango ya kabati, na baba akasema hajawahi. Tangu mazishi hajaifungua. Aliogopa kuimaliza. Alikuwa akilala karibu nayo, akijua ipo, na hilo lilimtosha.

"Mara moja tu, Baba," Kitinda akasema. "Tufungue pamoja, tunuse, tufunge. Ni mama yangu pia."

Alifikiri hatakubali. Lakini yale maneno ya mwisho yalimwingia, kwa sababu aliinuka bila kumaliza chai na kwenda mbele yake.

Chumbani hewa ilikuwa nzito, kuta zina jasho. Kabati lilikuwa limegandana na ukuta, jeusi, pana, na miguu yake haikuwa kwenye michirizi ya nje. Seremala alifuta mikono yake kwenye suruali. Alishika kitasa kama mtu anayeingia nyumba ya ibada, akanong'ona, "Jiandae, haikai sana," akafungua.

Uvundo ukawapiga usoni wote wawili.

Mitandio ya mama ilikuwa imeshikamana, imekuwa kitu kimoja cha kijivu. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa vimeota manyoya meupe. Chini, kopo la makaa lilikuwa palepale, lina kutu, na makaa ndani yake yameloa. Katikati lilining'inia gauni la kijani lenye kola nyeupe, gauni la kwanza ambalo Kitinda alilishona kwa mkono wake akiwa bado mwanafunzi wa cherehani, bega moja limepanda kuliko la pili, na mama alilivaa hivyo hivyo kila palipokuwa na jambo na kumwambia kila mtu nani amelishona. Koga lilikuwa limelitawala kuanzia kola hadi kiunoni.

Baba yake hakuamini. Alilitoa gauni, akalikumbatia usoni kwa ubishi, akavuta pumzi kwa nguvu, na kikohozi kikamkalisha chini ukingoni mwa kitanda. Kitinda alimpigapiga mgongoni hadi kilipotulia. Alikuwa bado ameshika gauni, na machozi yalikuwa yakimtoka, na pengine mengine yalikuwa ya kikohozi.

"Huyu si yeye," akasema.

"Siye, Baba."

"Nimemtunza. Sikufungua hata siku moja."

Kitinda alikaa kando yake. Aliyatafuta maneno yasiyomlaumu, akayakosa, akasema yale yaliyokuwapo.

"Mama hakuwahi kunukia kabati," alisema. "Wewe siku za kuanika ulikuwa unakimbilia karakana, hukujua. Jioni mimi ndiye niliyekuwa naingiza mito. Ile harufu uliyokuwa unaikuta kitandani ukirudi, ilikuwa inatoka nje."

Baba yake alilikunja gauni vibaya, akaliweka mapajani, akabaki kulitazama lile bega lililopanda.

Asubuhi Kitinda aliamshwa na nyundo. Jua lilikuwa limetoka, jua lenyewe, si lile la kuchungulia. Alitoka uani na kumkuta baba yake akizing'oa mbao za dirishani moja moja, taratibu, akinyoosha kila msumari juu ya jiwe na kuutia kwenye kopo, maana seremala hatupi msumari hata akiwa na msiba. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio. Hakugeuka. Alisema tu kwamba kama ni kutoa godoro basi waanze na kubwa, kabla jua halijawa kali.

Wakatoa. Godoro la kitanda kikubwa, ambalo upande wa chini lilikuwa na madoa meusi kama pilipili manga. Mito, masanduku, mazulia, picha za ukutani. Walijifunga vitambaa puani, wakatoa nguo za mama mikono miwili miwili na kuzitandaza kwenye kamba. Seremala hakukimbilia popote. Wapita njia walipita, wakatazama mito yake, naye akawasalimia. Alikuwa ameshika bakuli la siki kwa namna ya mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu, hajui aliweke wapi.

Ndipo alipokuja jirani mpya. Alikuwa mke wa fundi pikipiki, wamehamia nyumba ya pili wakati wa mvua, hawajamaliza hata kufahamiana na mtaa. Alisimama pembeni ya magodoro akijifuta mikono kwenye aproni, uso umejaa huruma.

"Poleni jamani," alisema. "Shikamoo, mzee. Ni mwenye nyumba amewatoa? Maana hata sisi tulikotoka ilikuwa hivi hivi, asubuhi asubuhi."

Kitinda alifungua mdomo, kisha akaufunga. Jibu lile halikuwa lake. Baba yake alikuwa amesimama katikati ya vitu vyake vyote, amelitazama bakuli.

"Marahaba, mama," akasema. "Hatuhami sisi."

Ikampasa kupumua hapo.

"Anayehama ni ukungu."

Hakucheka yeye kwanza, hilo hakuliweza. Aliyecheka ni jirani, alipoelewa, akacheka kicheko kikubwa cha mtu aliyeondolewa mzigo usio wake, na hapo Seremala naye akacheka, akiwa na machozi mashavuni, bila haya yoyote mbele ya kitanda chake kilichovuliwa nguo. Jirani alipozinduka alikuwa ameshashikishwa upande wa godoro la pili. Akamwita na mumewe, kwamba aje, kuna mzee na mwanawe wanaliondoa kabati na watavunjika mgongo.

Kabati lilikuwa zito kama lilivyotengenezwa. Watu wanne walilivuta, likalalamika sakafuni, likatoka. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka chini hadi usawa wa bega, umbo la kabati lenyewe, na ule mgongo wa mbao ulionyooka ulikuwa umevaa ukungu laini kila mahali. Jirani akasema "Yallah" kwa sauti ndogo. Mumewe, mtu mwenye adabu, akakumbuka kwamba ameacha pikipiki ya mtu imefunguliwa, wakaaga.

Seremala alibaki ameutazama ukuta. Aligusa mgongo wa kabati kwa kidole, akakitazama kidole.

"Tuliporudi kutoka kuzika," alisema, "nilikuta limetoka. Kiganja chake kile kile. Nikalisukuma."

Kitinda alisogea karibu.

"Mazoea tu," akasema baba yake. "Nilijisemea, atalitoa. Basi kila asubuhi nikiamka naangalia miguu yake. Nangoja litoke."

Kitinda hakuweza kumtazama. Alimshika mkono, ule wenye kidole cheusi, wakasimama hivyo mbele ya ukuta mpaka chumba kikaanza kupata hewa, pazia likasogea lenyewe, na sauti za mtaa zikaingia dirishani.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Hawakuukwangua ukungu ukiwa mkavu, kwa sababu unaruka na kuhamia pengine. Waliuloweka kwa siki, wakaupangusa, wakaosha kitambaa, wakarudia. Seremala alipanda ngazi akauziba mfereji wa paa mahali palipovuja, huku akisema kazi hii alikuwa aifanye tangu enzi, na Kitinda akamjibu kwamba anajua, alikuwepo ikiahidiwa. Mgongo wa kabati waliusugua na kuuacha utazame jua. Makaa yaliyoloa yakamwagwa, kopo likapata mapya, na mikono ya Kitinda ikawa myeusi kama zamani. Ukuta waliamua kuuacha ukauke kabisa kwanza, chokaa itafuata.

Gauni la kijani alilikung'uta mbali na watu, akalifua, akalianika ndani nje. Alasiri alipolitoa kwenye kamba lilikuwa na joto. Kola haikurudi kuwa nyeupe, na kiunoni yamebaki madoa ambayo hayatatoka tena, lakini alipoliinua usoni alilazimika kusimama kidogo. Sabuni, siki, jua. Alikuwa tena mtoto, amesimama uani na mito mikononi, na mama yake akimwita aingize vitu kabla umande haujashuka. Alikwenda akamkabidhi baba yake lile gauni. Baba alilinusa mara moja, kwa tahadhari, na kikohozi hakikuja. Akalinusa tena. Kisha akaketi juu ya godoro pale pale uani na kulipakata, akabaki hivyo mpaka kivuli cha nyumba kilipomfikia.

Jua lilipoanza kulegea wakaingiza vitu. Kabati lilikuwa la mwisho, na fundi pikipiki alirudi kusaidia. Walipolifikisha chumbani, Seremala aliwaambia wasiliguse kwanza, ana kitu cha kutengeneza. Akaleta msumeno na kipande cha ubao mgumu, akaeleza kwamba atapigilia viguzo viwili nyuma ya kabati, chini, ili hata mtu akilisukuma kwa bega lisiufikie ukuta tena. Hakumtaja huyo mtu ni nani. Kitinda akamtafutia futi ya chuma kwenye sanduku la vifaa na kumpelekea.

Baba yake aliitazama futi, hakuipokea. Alichukua penseli nyuma ya sikio.

"Lete kiganja," alisema. "Mikono umechukua ya mama yako."

Kitinda aliulaza mkono wake, bado una weusi wa makaa, juu ya ubao. Seremala aliinama, akaweka alama upande mmoja. Kabla hajaweka upande wa pili alisita.

"Usibane vidole," akasema. "Hakuwa anabana."

Kitinda akavilegeza.